Aliyenishikia Kamba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono hunitoka jasho, hata nikiwa nimeketi hapa nje ya nyumba yangu na chai yangu mkononi. Siku hiyo nilikuwa nimening'inia kwenye kamba katikati ya shimo la mgodi. Juu yangu kulikuwa na kipande cha mbingu kisichozidi upana wa sinia, na chini yangu giza. Nikaita. Hakuna aliyeitika.

Nimekuita asubuhi hii kabla hujafunga mkoba wako kwa sababu ya siku hiyo. Kesho unakwenda na wenzako kwenye utafiti wenu wa mwaka wa mwisho, na najua tangu uliponiambia kwamba ni wa mgodini sijakuonyesha uso mzuri. Mama yako amenisema, na amenisema kwa haki. Lakini kaa kwanza. Mimi huzunguka sana kabla ya kufika, unanijua.

Wakati huo nilikuwa kijana mwembamba, nywele nimeziacha zikawa kichaka kama ulivyokuwa mtindo wa miaka ile ya sabini, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko nywele. Nilikuwa nasomea uhandisi wa migodi huko Zambia. Mhadhiri wetu alitaka kila mwanafunzi aende kwenye mgodi halisi, achague tatizo moja, alipime kwa mikono yake, kisha aandike. Wenzangu wakachagua migodi mikubwa ya shaba yenye taa na lifti. Mimi nikasema nitarudi nyumbani Taita, kwenye mashimo ya vito vya kijani yaliyokuwa yameanza kuchimbwa porini, ukishapita Marungu unaelekea Kasigau. Tatizo nililochagua lilikuwa dari. Njia za chini zilikuwa zinaporomoka na watu walikuwa wanafukiwa. Nilitaka kujua kwa nini, na nini kifanyike.

Mgodi niliopewa ulikuwa wa mfanyabiashara mmoja wa Voi, mtu wa kuja mara moja moja na gari lake, aangalie mawe, arudi. Msimamizi wa kila siku alikuwa Mzee Mwachia, mzee wa kanisa, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Na aliyekuwa kiongozi wa wachimbaji kule chini alikuwa Kirigha, mtoto wa baba mkubwa wangu. Ndiye huyo huyo Baba Mkubwa Kirigha wako tuliyemzika mwaka jana, ambaye ulikuwa ukiniuliza mbona hacheki. Angekuwa hai, nisingekusimulia haya bila yeye kuwapo.

Sasa sikiliza nilivyoanza. Siku ya kwanza tulishuka pamoja na mwenye mgodi, mimi nikiwa na kofia yangu mpya na nyundo ya mwamba. Nikagonga magogo yaliyoegemeza dari. Yalikuwa miti laini ya hapo hapo porini, bado ina maji ndani, mingine imeanza kupinda. Kosa lilikuwepo, hilo sitalikana mpaka nife. Lakini badala ya kumvuta Kirigha pembeni nikamwambia, nilipanda juu nikasimama katikati ya watu wote nikasema, "Aliyeweka miti hii ama hajui kazi, ama amechoka na hawa watu walioko chini."

Mwenye mgodi akacheka. Vijana wakaangalia chini. Kabla gari halijaondoka Kirigha alikuwa ameshavuliwa uongozi na kuwekwa kwenye winchi.

Winchi yenyewe, usidhani ni zile mashine unazozijua wewe. Ilikuwa gogo nene lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, na kila upande mpini wa chuma. Mtu mmoja hushika huku, mwingine kule, wanazungusha, kamba inajiviringisha kwenye gogo, ndoo inapanda au mtu anapanda. Haikuwa na kitu cha kuizuia isirudi nyuma ila mikono. Mpini wa kwanza alipewa Kirigha. Wa pili alikuwa nao Ouma, kijana wa Kaloleni ya pale Voi ambaye baba yake alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, mcheshi ajabu, ambaye katika lugha yetu ya Kidawida alijua matusi tu.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu niliyemvunjia heshima mbele ya watu ndiye aliyekuwa akinishusha shimoni kila asubuhi.

Na nilikuwa sina namna ya kutoshuka. Nilikuwa nimepigilia vigingi kwenye dari na vingine chini yake sakafuni, na kazi yangu ilikuwa kupima nafasi kati ya kigingi na kigingi, siku baada ya siku, nione kama dari inateremka. Ukikosa siku, vipimo vimekatika. Ukikosa vipimo, huna utafiti, na bila utafiti hakuna digrii. Kijiji kizima kilikuwa kimeniombea kanisani siku naondoka. Ningerudi na uso gani?

Nikashuka, lakini niliogopa. Nakuambia wazi kwa sababu vijana wa leo mnadhani sisi tulizaliwa bila hofu. Niliogopa kile kitanzi cha kamba nilichokikalia. Niliogopa vumbi lililokuwa likidondoka bila kuguswa, na ile milio midogo ya mwamba, tik, tik, kama mtu anayevunja njiti za kiberiti nyuma ya ukuta. Usiku sikulala vizuri. Lakini zaidi ya yote niliogopa macho ya Kirigha wakati najifunga kamba. Alikuwa ananitazama mikono, hanitazami uso.

Sikumwambia mtu. Nilijiona msomi, na msomi haogopi binamu yake.

Mzee Mwachia alikuwa na desturi yake. Kila Jumatatu kabla mtu hajashuka, aliwasimamisha watu wote kuzunguka shimo na kikombe cha maji. Wewe umekulia mjini, kutasa umekuona kwa bibi yako tu, basi nikukumbushe. Sisi Wadawida tunajua hasira iliyofichwa moyoni hailali. Humfikia yule uliyemkasirikia hata kama mkono hujauinua. Kwa hiyo unachukua maji kinywani, unayapuliza mbele yako, na unasema watu wakisikia, kama nina neno na fulani, liende na maji haya. Mchungaji hakupenda mambo hayo, na Mzee Mwachia alikuwa anamsikiliza kwa heshima zote Jumapili, kisha Jumatatu anachota maji. Hata Ouma alipuliza, tena kwa nguvu kuliko sisi wenyewe.

Jumatatu yangu ya kwanza kikombe kilipofika kwangu nikakipitisha kwa mwingine. Nikasema, "Mzee, mimi nimekuja kupima mwamba." Wengine wakacheka kidogo. Kikafika kwa Kirigha, naye akakipitisha vilevile. Mzee Mwachia alitutazama mmoja mmoja. Akasema tu, "Haya, maji yapo. Hayaharibiki." Jumatatu zilizofuata ikawa hivyo hivyo.

Ndipo ikafika siku yenyewe. Kilikuwa kiangazi kibaya, nyasi zimekwisha, hata mbuzi wa watu wa Marungu walikuwa wanakula maboksi. Nilikuwa chini peke yangu, wachimbaji hawajashuka bado. Nilipopima kile kigingi cha ndani kabisa nikaona nafasi imepungua kuliko siku zote. Nikapima tena. Dari ilikuwa inashuka, tena kwa haraka, juu ya yale magogo laini ambayo hakuna aliyekuwa ameyabadilisha. Nikatoka mbio mpaka kwenye kamba, nikajifunga, nikaitikisa ili nivutwe. Na pale pale, wazo likanijia: Kirigha akisikia habari hii, atajua nimempata. Atajua nitaandika.

Wakaanza kunivuta. Nikapanda taratibu, bega likikwaruza ukuta. Nilikuwa nimefika katikati hivi kamba iliposimama. Ikashuka ghafla kidogo, kisha ikasimama tena.

Nikangoja. Nikaita, "Vipi huko?"

Kimya.

"Ouma! Kirigha!"

Kimya. Na si kimya cha watu wasiokuwapo, mwanangu. Nilihisi kamba inatetemeka, kwa hiyo nilijua mtu ameushika mpini, na ananisikia, na hataki kunijibu. Mawe madogo yakaanza kunidondokea kichwani. Hofu niliyokuwa nimeificha majuma yote yale ikatoka kwa mpigo. Nikapiga kelele kama mtoto. Nikasema, "Kirigha, najua unachotaka! Najua tangu siku ya kwanza! Usiniue, ndugu yangu, nitamwambia mwenye mgodi nilikosea, nitakwambia chochote, usiniachie!" Nikalia. Nikamtaja mama yangu. Nikamtukana pia, maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako.

Ndipo kile kipande cha mbingu kikazibika.

Nikafikiri wamenifunikia mbao. Lakini ikanifikia harufu ya majimaji na mavi ya mnyama, na pumzi ndefu, nzito, inayoshuka ndani ya shimo kama mtu anayepuliza mtungi. Kitu kikanyoosha ncha yake gizani juu yangu, kikanusa huku, kikanusa kule. Ulikuwa mkonga. Nikafumba macho na kukumbatia kamba, nikaomba ile sala fupi ya utotoni kwa sababu ndefu zote zilikuwa zimenitoka.

Sijui ilikuwa muda gani. Kuna wakati mwanga ulirudi. Kuna wakati nilisikia matawi yakivunjika mbali. Kisha kamba ikaanza kupanda, kidogo, ikasimama, kidogo tena, kama inavutwa na mtu mgonjwa.

Nilipofika juu nilimkuta Kirigha peke yake. Alikuwa ameulalia mpini kwa kifua, uso umekuwa kijivu, jasho linamdondoka puani. Ouma na wengine ndio kwanza walikuwa wanashuka kutoka kwenye mawe walikokimbilia. Pipa letu la maji lilikuwa limepinduliwa, na nyayo za ndovu zilikuwa zimefika mpaka miguuni pa winchi.

Ouma ndiye aliyenieleza. Ndovu walikuja kufuata maji, mchana kweupe, jike kubwa na mtoto wake na wengine nyuma. Kila mtu alikimbia, hata yeye. Wangekunywa na kwenda zao. "Lakini wewe ukaanza kupiga kelele chini ya ardhi, bwana! Yule mama akashtuka, akaja kuangalia ni nini kinalia kwa shimo. Alisimama juu ya huyu. Juu yake kabisa! Na huyu hakuachilia."

Kirigha hakuniitikia kwa sababu angefungua mdomo tungekufa wote wawili. Na yale yote niliyoyasema aliyasikia. Watu wote kwenye mawe waliyasikia.

Nilikaa chini nikajifunika uso, na aibu ilikuwa kali kuliko hofu.

Mzee Mwachia akaja akachuchumaa mbele yangu. Hakunipa pole. Akasema, "Umetembea na hofu hii tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu siku ya kwanza."

"Na unakula naye ugali sufuria moja."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe mtoto, umekuja na kamba ya kupimia, umepima hata mahali ambapo hakuna mtu anapita. Hili lililokuwa linakunyima usingizi umeliacha likae. Unashuka kila siku na hofu, huyu anakushusha kila siku na hasira, na kamba moja katikati yenu. Halafu unaniambia dari ndiyo hatari." Akageuka kumtazama Kirigha. "Na wewe ni mkubwa wake. Ungeniambia."

Pipa lilikuwa limemwagika, maji hayakuwapo. Ouma akatoa chupa yake ya chai ya rangi, ikamiminwa kwenye kikombe. Nikachukua kinywani, nikapuliza. Nikasema nilichotakiwa kusema siku ya kwanza, kwamba miti ilikuwa mibaya, lakini nilimsema Kirigha vile ili mimi nionekane, na kwamba nimemwogopa na kumwita muuaji moyoni mwangu wakati hajanifanya lolote.

Zamu ya Kirigha ikafika. Akachukua chai kinywani, akakaa nayo muda mrefu mashavu yamejaa. Kisha hakuipuliza. Aliitema pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Siwezi kudanganya hapa. Asiseme sijamfanya lolote. Siku ya kwanza nilipomshusha, mkono ulitaka kuachilia. Na siku nyingine tena. Sikuachilia, lakini ulitaka."

Mwanangu, sikuogopa ndovu kama nilivyoyaogopa maneno yale. Maana yake hofu yangu haikuwa ya kijinga. Nilikuwa nimesoma sawasawa macho yake, na bado nilikuwa nimekosea kuhusu mtu mwenyewe.

Akachukua chai tena. Safari hii akaipuliza yote, mpaka ikanilowesha miguu. "Kama bado ninayo," akasema, "ndiyo hiyo imetoka. Uende salama, urudi salama."

Mzee Mwachia akauliza ni nani atanishusha kesho yake, kwa sababu ile dari ilikuwa lazima iangaliwe kabla mtu yeyote hajafanya kazi chini yake. Ouma akanyoosha mkono haraka, na wengine pia. Walikuwa wananionea huruma. Nikataka sana kusema Ouma. Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema, "Kirigha."

Usidhani hofu ilikuwa imeisha. Asubuhi ile nilijifunga kamba mikono ikitetemeka kuliko siku ya kwanza, nikaona na mikono ya Kirigha inatetemeka vilevile. Nilipoingia kwenye giza, nikasikia sauti kutoka juu, "Niko!" Nikashuka kidogo zaidi, nikasikia tena, "Niko!" Akawa anaita hivyo mpaka miguu yangu ikagusa chini. Tangu siku hiyo hakunishusha tena kimyakimya, na mimi nilizoea kumjibu.

Tulikata miti migumu pamoja, yeye akichagua, mimi nikipima, tukabadilisha magogo yote kuanzia mdomoni kuelekea ndani, na Mzee Mwachia akamrudishia uongozi wake. Utafiti wangu ulimalizika. Mhadhiri aliusifu, ila aliuliza mbona katika utafiti wa dari pendekezo la kwanza ni winchi iwekewe chuma cha kuizuia isirudi nyuma. Nikamwambia ukining'inia utaelewa.

Kirigha alikuwa na alama ya ule mpini kifuani mpaka mwisho. Mwaka jana, walipokuwa wanashusha jeneza lake, vijana walinikataza kushika kamba, wakasema mzee utaanguka. Niliishika. Nikaishika mpaka jeneza likafika chini. Uliniuliza siku ile nilikuwa namwambia nini kule kaburini, nami nikakujibu ni sala. Sasa unajua neno lenyewe. Nilimwambia, "Niko."

Basi nasaha zangu ni hizi, na uzishike hata kama utasahau hadithi. Ukiona kosa la mtu, mwambie yeye, pembeni, na mapema. Dari ikiwa mbaya sema ni mbaya, usinyamaze kwa sababu ya heshima, lakini usiitumie kujipandisha. Ukiogopa, usijione mdogo. Anayeshuka chini ya ardhi bila kuogopa simtaki karibu na mtoto wangu. Hofu isemwe, tena kwa yule inayemhusu, kwa sauti ya kawaida, mkiwa bado juu kwenye mwanga. Usingoje ikutoke shimoni kwa kelele. Na usikubali kushushwa na mtu mliyenuniana. Si lazima mpendane. Lazima mseme.

Na mimi nianze. Nilikuwa na hasira nawe, mwanangu. Ulipochagua migodi nilikataa, na ulipokataa kukataliwa nilinyamaza, nikajifanya ni ubaba. Ilikuwa hofu, na ikageuka hasira kwa kukosa kusemwa. Nilijua unakwenda kushuka, na nilikuwa karibu kukuacha ushuke nayo mgongoni. Hebu niletee kile kikombe. Simama hapo mbele yangu, usicheke, utalowa kidogo.

Ikiwa ninayo bado, hiyo imetoka. Mwamba ukae mahali pake mpaka upite. Miguu yako ipajue pa kukanyaga. Atakayekushikia kamba awe na moyo mweupe, na wewe uwe nao kwake. Mungu wa baba zetu akushushe taratibu na akupandishe ukiwa mzima, urudi hapa uniambie ulichokiona. Na ukiwa huko chini ukaona kimya kimezidi, ujue huku juu nipo, mwanangu. Niko.